Etna, Nyuma ya Mtu Anayejua Kurudi

Mgeni anayefika Catania, mji wa pili kwa ukubwa katika kisiwa cha Sicily, hana haja ya kuulizia mlima uko wapi. Barabara kuu, Via Etnea, inaanzia kwenye uwanja wa kanisa kuu na kunyooka kuelekea kaskazini, na mbele yake Etna umekaa, mpana wa mabega, unafuka moshi mweupe. Mawe ya barabara ni meusi. Kuta za majumba ya zamani ni nyeusi. Hata tembo aliyesimama katikati ya uwanja huo, ambaye ndiye nembo ya mji, amechongwa kwa jiwe la lava. Mlima ukimwaga majivu, watu hutoka na mafagio, ndege haziruhusiwi kutua kwenye uwanja wa Fontanarossa, na meya hutoa amri kwamba pikipiki na baiskeli zisiingie barabarani, maana majivu yale yanateleza. Kisha majivu hufungwa kwenye mifuko na wachuuzi wa samaki hurudi kwenye meza zao.

Mimi nimekulia Arusha, chini ya Mlima Meru. Meru nao ni volkeno, ila mara ya mwisho ulifuka mwaka 1910, na wengi wetu tumezoea kuuona kama pambo la mji. Nilikwenda Etna nikiwa na hamu ya kuona watu wanavyoishi na mlima ambao hauwapi nafasi ya kuusahau. Nilipanda kama wanavyopanda wageni wengi, safari ya siku moja, asubuhi kwenda na jioni kurudi, nikiwa katika kundi lenye mwongozaji. Moto niliuona kwa mbali tu. Kilichonishika zaidi ni kazi ya mwongozaji yule, kazi ambayo kwetu bado tunaihesabu kuwa ni ya kuonyesha njia na kubeba maji.

Etna una urefu wa takriban mita 3,400, na hesabu hiyo hubadilika kila kilele kinapojijenga au kubomoka. Kwa aliyefika kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita hizo hazitishi. Lakini mlima huu unaanzia pwani kabisa, mzunguko wa kitako chake ni kama kilomita 140, na hakuna volkeno hai ndefu kuuzidi barani Ulaya. Habari za milipuko yake zimeandikwa tangu zama za Wagiriki wa kale, na ndiyo sababu mojawapo iliyoufanya uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2013. Udongo unaotokana na lava iliyooza ni mzuri mno. Kuna mizabibu, malimau, na upande wa magharibi mji wa Bronte unaishi kwa kokwa za pistachio. Mlima huohuo, mwaka 1928, ulifunika mji wa Mascali. Watu walijenga Mascali nyingine jirani na pale.

Tuliondoka na gari dogo kupitia Nicolosi hadi Rifugio Sapienza, kituo kilicho katika mita 1,900 hivi. Njiani mwongozaji wetu, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya chini, alituonyesha vilima viwili vyekundu juu ya Nicolosi viitwavyo Monti Rossi. Vilizaliwa mwaka 1669. Lava ilifunguka pale mwezi Machi, ikashuka hadi Catania, ikaizunguka ngome ya Castello Ursino na kuingia baharini. Ngome ile ilikuwa imejengwa ufukweni. Leo iko ndani ya mji. Habari za wakati ule zinasema padri mmoja, Diego Pappalardo, aliwakusanya wanaume kama hamsini, wakajifunika ngozi zilizoloweshwa maji, wakaenda na nondo kuvunja ukingo wa mkondo ili lava igeuke. Ikaanza kugeuka, ila sasa ikawa inaelekea Paternò. Watu wa Paternò wakaja mamia, wana silaha, wakawafukuza. Mwongozaji alisimulia jambo hilo bila kutabasamu. Alisema kwamba mlimani swali la kwanza siku zote ni nani ana haki ya kuamua.

Pale kituoni alitupanga mstari na kutazama viatu vyetu, mmoja baada ya mwingine. Kijana mmoja mwenye raba nyepesi alipelekwa dukani akaazime buti. Kila mmoja alipewa kofia ngumu. Halafu mwongozaji akasogea pembeni, akatoa simu, akasoma kwa muda. Nilidhani anajibu ujumbe wa nyumbani. Alikuwa anasoma taarifa ya asubuhi ya Taasisi ya Taifa ya Jiofizikia na Volkenolojia, INGV, ambayo chumba chake cha uangalizi kiko Catania na hakilali usiku wala mchana. Humo wataalamu wanaangalia kamera, mitambo ya kupima matetemeko, vipimo vya gesi, na vituo vya GPS vinavyoonyesha kama ubavu wa mlima umevimba japo kwa sentimita chache. Kutokana na hali hiyo Idara ya Ulinzi wa Raia hutangaza rangi: kijani, njano, chungwa au nyekundu. Na kutokana na rangi, mameya wa miji ya mlimani hutoa amri inayosema mgeni mwenye mwongozaji anaruhusiwa kufika mita ngapi, na asiye na mwongozaji aishie wapi.

Waongozaji hawa hawaokotwi stendi. Sheria ya Italia ya mwaka 1989 inayohusu waongozaji wa milimani inawataja waongozaji wa volkeno kwa jina lao. Wanasoma, wanafanyiwa mtihani, wanaandikwa kwenye daftari la taaluma yao. Mtu asiye katika daftari hilo hana ruhusa ya kuongoza kundi kwenda kwenye kreta za juu.

Kutoka Sapienza tulipanda kibanda kinachovutwa na waya hadi mita 2,500. Njia hii ya waya lava imekwisha kuiharibu, ikiwemo mwaka 2001, na kila mara imejengwa upya. Juu tulihamia kwenye basi lenye magurudumu makubwa, likapanda polepole likikata kona katika mchanga mweusi ambao karibu hauoti kitu. Upepo ulikuwa mkali na anga ya buluu kali. Chini kabisa bahari ya Ionia ilionekana imelala bapa.

Katika kundi letu alikuwamo mwanamke mmoja aliyenisikia nikizungumza na simu kwa Kiswahili, akanigeukia.

"Kumbe kaka uko wa wapi?"

"Arusha, dada. Na wewe?"

"Miye ni wa Goma. Ninaishi Brussels sasa."

Kuanzia hapo tulitembea pamoja. Mtu wa Goma kwenye volkeno ya Wataliano! Nilimwuliza kama nyumbani hawana mlima wa kutosha. Akasema Nyiragongo, volkeno ya Goma, ameuona tangu kuzaliwa, kila usiku wekundu wake uko juu ya paa za nyumba, lakini hajawahi kuupanda. Nyumbani kupanda ilikuwa ni shughuli ya wageni.

Basi lilituacha karibu na mita 2,900, kwenye vilima vilivyozaliwa na mlipuko wa 2002 na 2003. Mwongozaji alituongoza kwenye ukingo wa mmojawapo, akapiga magoti, akaanza kukwangua kokoto kwa fimbo yake. Shimo lilipofika kina cha kiganja akaingiza mkono wenye glavu, akatoa kokoto chache na kutumiminia mikononi. Zilikuwa nyepesi, zina matundu mengi, nyingine nyeusi na nyingine za rangi ya kutu. Zilikuwa na joto la chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Upepo wa juu ulikuwa umetukausha vidole kwa baridi, na chini ya nyayo zetu, kina cha kiganja tu, kulikuwa na moto uliobaki miaka yote hiyo. Mvuke mwembamba ulitoka kwenye nyufa na kutoa harufu ya kiberiti iliyokaa kooni.

Yule dada alizihamisha zake kutoka mkono huu hadi ule. "2002," akasema. "Ni mwaka moja na yetu."

Ni kweli. Nyiragongo ulipasuka tarehe 17 Januari 2002, miezi tisa kabla ya Etna. Lava iliteremka ikakata katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu. Watu kama 120,000 walibaki bila makazi, na mamia ya maelfu walivuka mpaka kuingia Rwanda.

"Nilikuwa mutoto wa miaka kumi," alinisimulia tukiwa tumekaa nyuma ya jiwe kukwepa upepo. "Baba alitutosha ku nyumba na magodoro tu. Tulienda ku Gisenyi na miguu. Tuliporudi, kwetu hapakuwa tena. Ni mawe tu, na ingali moto."

Baba yake alijenga tena palepale, kwa mawe yaleyale. Goma imejaa nyumba na kuta za namna hiyo, na nilipomsikiliza nilizikumbuka kuta za Catania. Tofauti ni kwamba za Catania zinapigwa picha na watalii.

Kutoka hapo tulipoketi, kilele cha Kreta ya Kusini-Mashariki kilionekana karibu sana. Kilikuwa kinakohoa. Kila baada ya dakika chache wingu la kijivu lilipanda, na sauti yake ilitufikia imechelewa, nzito, kifuani zaidi kuliko masikioni. Yule kijana wa buti za kuazima alitaka tusogee. Aliuliza ni dakika ngapi hadi ukingoni. Mwongozaji akamjibu kwamba leo hakuna dakika. Kijana akasema yuko tayari kuongeza pesa, na wenzake wawili wakaunga mkono. Mwongozaji hakukasirika. Alifungua simu akatuonyesha mchoro wa mtetemo wa mlima, mstari ambao mtu yeyote anaweza kuuona, umetulia tangu jana na kuanza kuinuka alfajiri. Bado ulikuwa chini ya kiwango cha hatari. "Amri ya meya inaturuhusu kukaa hapa saa nzima nyingine," alisema. "Mimi sitakaa." Akageuka, akaanza kushuka, nasi tukamfuata.

Alasiri ile mlima haukufanya lolote. Uliendelea kukohoa vilevile. Nimesikia watu wakilalamika katika hali kama hiyo, kwamba wamepunjwa, kwamba mwongozaji alikuwa mwoga. Naamini kabisa kwamba hawaelewi walichonunua. Uamuzi wa kurudi hauthibitishwi na mlipuko. Ulikuwa sahihi saa ulipofanywa, kwa kile alichokijua mwongozaji, na ungebaki sahihi hata mlima ungelala mwezi mzima.

Etna wenyewe umefundisha jambo hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 12 Septemba 1979 mlipuko wa ghafla katika kreta ya Bocca Nuova uliua watalii tisa waliokuwa karibu na ukingo. Mwaka 1987 wakafa wengine wawili. Machi 2017 lava ilikutana na theluji, maji yakageuka mvuke kwa mkupuo mmoja na kurusha mawe. Watu wapatao 10 walijeruhiwa, wakiwamo waandishi wa televisheni. Na tarehe 2 Juni 2025 sehemu ya Kreta ya Kusini-Mashariki iliporomoka, wingu la gesi na majivu ya moto likaviringika kuteremka mlima, na dunia ikaona picha za wageni wakikimbia kwenye mteremko. Hakuna aliyekufa. Wingu lilishuka kuelekea Valle del Bove, bonde kubwa lisilo na watu, na bila bonde hilo ningekuwa naandika habari nyingine.

Kwingineko hali imekuwa mbaya zaidi. Kwenye kisiwa cha Whakaari, New Zealand, kiwango cha tahadhari kilipandishwa katikati ya Novemba 2019. Boti za watalii ziliendelea kwenda. Tarehe 9 Desemba kisiwa kililipuka kikiwa na watu 47, na 22 wakapoteza maisha, waongozaji wakiwa miongoni mwao. Mlima Ontake wa Japani, Septemba 2014, ulilipuka Jumamosi mchana wakati wapandaji walikuwa wengi kileleni. Waliokufa na waliopotea ni 63, na siku hiyo tahadhari ilikuwa katika kiwango cha chini kabisa. Kwa hiyo rangi ya tahadhari, amri ya meya na mchoro wa simu havitoshi. Anahitajika mtu aliyeko pale, anayejua harufu ya jana ilikuwaje na sauti ya wiki iliyopita ilikuwaje, na mwenye ruhusa ya kuwa mwoga kuliko taarifa rasmi.

Wakati wa kushuka yule dada ndiye aliyeuliza swali zuri kuliko yetu sote. Alitaka kujua nani anapiga kengele. Mlima ukianza usiku, watu wamelala, nani anampigia nani? Mwongozaji alimweleza kwa utulivu: chumba cha INGV kinapiga simu Ulinzi wa Raia, Ulinzi wa Raia wanapiga kwa mameya, mameya na kituo cha Sapienza wanapiga kwetu. Alihesabu kwa vidole. Dada akatazama vidole vile.

Tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ulipasuka tena. Goma ina kituo chake cha kuangalia volkeno, kilichoanzishwa mwaka 1986, kina wataalamu wazalendo wanaoujua mlima ule vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini msaada wa Benki ya Dunia kwa kituo hicho ulikuwa umekoma mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kilikosa hata fedha za intaneti ya kupokelea takwimu kutoka mlimani. Wanasayansi walipochunguza baadaye walikuta kwamba matetemeko ya onyo yalianza chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Pengine hata kituo chenye kila kitu kisingewahi kuutangazia mji mzima. Hata hivyo, watu zaidi ya 30 walikufa, na wakazi wengi walijua habari kwa kuona anga imekuwa nyekundu. Hilo linaniuma. Dola za kulipia intaneti ya kituo si fedha za kukosekana, kwenye mji ambao mashirika ya misaada yana ofisi kila kona.

Kwetu Tanzania tuna Ol Doinyo Lengai, mita 2,962, mlima mtakatifu wa Wamasai na volkeno pekee duniani inayotoa lava ya aina ya natrokarbonati, isiyozidi nyuzi 600 za joto, nyeusi ikitoka na nyeupe ikishapigwa na hewa. Waliokuwapo Julai 2007 wanakumbuka matetemeko ya eneo hilo yaliyosikika hadi Nairobi, na baadaye mwaka huo kreta ililipuka na kubadilika sura. Tangu 2016 Chuo Kikuu Ardhi na wenzao wa Marekani wana vituo vya GPS kuuzunguka. Vijana wa Kimasai wa Engare Sero hupandisha wageni usiku wa manane ili wafike juu alfajiri. Wanaujua mlima kwa miguu yao. Ningependa kuona ujuzi wao ukiandikwa kwenye daftari la taaluma na kulindwa na sheria, na mteja anayeongeza pesa ili asogee ukingoni akijibiwa kwa neno lenye serikali nyuma yake.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni la fedha. Pale Sapienza, tukiwa tunavua kofia, nilimwuliza mwongozaji analipwaje siku mlima ukifungwa. Akasema halipwi. Huwapeleka wageni kwenye mapango ya lava au mashamba ya mizabibu ya chini, akipata wa kuwapeleka. Mwaka wenye milipuko mingi ni mwaka wa njaa. Hapo ndipo ninapoona ufa. Tunamtaka mtu awe mkweli kuhusu hatari, halafu tunamkata mkate kila anapokuwa mkweli. Kampuni ya safari inayouza volkeno ingepaswa kuweka bei ya siku iliyofungwa ndani ya bei ya siku iliyofunguliwa, na mgeni aelezwe hivyo waziwazi anapolipa. Ningelipa bila kinyongo.

Nilimwambia yule dada hivyo tukisubiri gari. Akacheka kidogo, akasema nimweleze mdogo wake. Kijana huyo alikuwa anabeba mizigo ya wageni kutoka kituo cha Kibati hadi ukingo wa Nyiragongo, mita 3,470, mwendo wa saa tano au sita. Tangu mlipuko wa 2021 wageni hawapandi, na vita vimeongezea.

"Na sasa anafanya nini?"

"Anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao. Analeta viazi kutoka Kibumba ku soko."